Jinsi ya kumjibu mtoto anayeuliza Kaini alioa nani

Kama unafundisha watoto dini, iwe sande skuli, iwe jumuiya, iwe nyumbani kwako tu baada ya kula usiku, hili swali litakufikia, hulikwepi. Umesoma vizuri habari za Adamu na Hawa, umefika kwa Kaini na Habili, watoto wametulia kabisa, alafu Mwanzo 4 mstari wa 17 unasema Kaini akamjua mkewe na hapo hapo mkono unapanda juu, mwalimu, huyo mke katoka wapi, si walikuwa watu watatu tu waliobaki?

Mimi hapa Mwanza nafundisha watoto kwenye mawe nyuma ya kanisa, mana ndani kunakuwa na kwaya, na swali hilo nililipata kwa binti wa miaka kama kumi na moja alokaa juu ya jiwe anachezea ndala yake, aliuliza taratibu kama anayeogopa. Na nilijua anaogopa nini. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo kule visiwani niliuliza swali hilo hilo, mwalimu wetu wa dini wakati huo akanambia maswali ya namna hiyo yanatoka kwa shetani, nikatolewa nje nikakaa peke yangu mpaka ibada ikaisha. Niliacha kuuliza maswali kanisani kwa miaka mingi sana. Kwa hiyo naandika hii kwa yeyote anayekaa mbele ya watoto, mana mtoto akiuliza hivo maana yake amesoma, amehesabu, na anataka imani yake ishike, huyo usimpoteze.

Cha kwanza kabisa, msifie aliyeuliza, mbele ya wenzake, mwambie umesoma vizuri. Alafu usijibu kwa kichwa. Fungueni Biblia wote, sura ya 4 na ya 5 kwa pamoja, hili ndo kosa kubwa la wengi wetu, tunafundisha sura ya 4 wiki hii na ya 5 tunairuka kwa sababu ni majina matupu, fulani akamzaa fulani, tunaona inachosha watoto. Kumbe jibu liko humo humo kwenye majina.

Someni Mwanzo 5:4. Kwenye Biblia yetu ya Union inasema siku za Adamu baada ya kumzaa Sethi zilikuwa miaka mia nane, "akazaa wana, waume na wake". Sasa hapa simama. Mtoto wa leo akisikia waume na wake anaelewa mume na mke wa ndoa, mimi nilishaulizwa na kijana mkubwa tu, wa kidato cha pili, kwamba inakuaje Adamu azae waume na wake. Mfafanulie kwamba ni Kiswahili cha zamani, maana yake alizaa watoto wa kiume na wa kike. Yaani Adamu na Hawa hawakuzaa watatu tu. Kaini, Habili na Sethi ndo waliotajwa majina kwa sababu habari inawahusu wao, wengine wapo kwenye hayo maneno machache. Watoto wa huku wanaelewa hili haraka ukiwauliza, babu yako alizaa watoto wangapi, na unapohadithia habari zake huwa unawataja wote? Hawatajwi wote. Unamtaja aliyeenda kuvua akapotea ziwani, unamtaja aliyerithi shamba, wengine unasema tu na ndugu zake.

Neno lingine la kufafanua ni hilo akamjua mkewe. Kuna mtu alinisimulia alikua mtu mzima akiamini kwamba Kaini alifika nchi ya Nodi akakutana na mwanamke ambaye hamjui ndo "akamjua", yaani wakafahamiana kule. Sio hivo. Kumjua hapo ni lugha ya heshima ya kulala na mke, ndo mana linalofuata ni akapata mimba akamzaa Henoko. Na ni neno lile lile la mstari wa 1, Adamu akamjua Hawa mkewe, na Hawa hakuwa mgeni kwake. Kwa watoto wadogo sema tu waliishi kama mume na mke wakapata mtoto, inatosha. Muhimu ni kwamba mstari hausemi alimpata huko Nodi. Unasema tu alikuwa na mke, inawezekana kabisa aliondoka naye.

Kwa hiyo jibu la moja kwa moja ni kwamba ukisoma Mwanzo kama ilivyo, Hawa akiwa mama wa wote walio hai kama inavyosema 3:20, mke wa Kaini alikuwa dada yake, au mtoto wa ndugu yake, hakuna njia nyingine ndani ya maandiko hayo. Hata jina lake Biblia haikutaja. Kipo kitabu cha kale cha Kiyahudi kinaitwa Yubile, kimo kwenye Biblia ya Waorthodoksi wa Ethiopia, chenyewe kinamwita Awani na kinasema ni binti wa Adamu na Hawa, lakini kwenye Biblia zetu hakimo, ukilitaja jina hilo useme umelitoa wapi. Mimi hapa ni mkali kidogo, chochote kilichoandikwa niseme kimeandikwa, na kile tunachokadiria niseme tunakadiria, mtoto akija kugundua ulichanganya atakutilia shaka mpaka kwenye vile ulivyosema kweli.

Sasa ngoja nikueleze kamba, mana ndo iliyonisaidia kuliko maneno yote.

Nenda dukani wanakouza vifaa vya uvuvi, mimi yangu niliichukua Kirumba kule Mwaloni, nunua kamba ya manila mita kumi. Azima futi ya fundi. Kila sentimita moja ni mwaka mmoja, kwa hiyo mita ni miaka mia. Mwanzo wa kamba funga kitambaa chekundu, hapo ni Adamu kuumbwa. Kwenye mita 1 na sentimita 30 piga fundo, hapo kazaliwa Sethi, Adamu ana miaka 130. Sethi alimzaa Enoshi akiwa na 105, kwa hiyo fundo la Enoshi ni 2.35. Kenani 3.25, Mahalaleli 3.95, Yaredi 4.60, Henoko 6.22, Methusela 6.87, Lameki 8.74. Alafu kwenye 9.30 funga kitambaa cheusi, Adamu kafa, ana miaka 930. Ukimaliza inyooshe juu ya jiwe au kwenye uwanja na kila fundo mpe mtoto mmoja alishike. Usiwaambie kitu, waache waangalie.

Siku ile yule binti ndo alikuwa kashika fundo la Lameki, na mwenzake wa kitambaa cheusi kasimama karibu yake kabisa, sentimita 56 tu, wakawa wanaangaliana. Nikawauliza mnaona nini? Akasema mwalimu, mimi nimezaliwa Adamu bado yupo. Ndio. Adamu kwa hesabu hiyo aliona vizazi vinane mbele yake, na huyo Lameki ndo baba yake Nuhu. Nyumba ya Adamu haikuwa baba, mama na watoto wawili kwenye shamba tupu, ilikuwa ni ukoo mzima na vitukuu na vining'ina. Mtoto akiona hivo kwa macho swali la mke linapungua uzito lenyewe.

Angalia usichanganye majina, mana ukoo wa Kaini kwenye sura ya 4 nao una Henoko wake na Lameki wake, sio hawa. Yule Lameki wa wake wawili, Ada na Sila, ni wa upande wa Kaini. Na ujue pia kwamba tafsiri ya kale ya Kigiriki ina hesabu tofauti, mle Adamu anamzaa Sethi akiwa na 230, kwa hiyo kijana akikuletea namba nyingine kutoka kwenye simu usimwambie ni muongo, mwambie kuna matini mbili za kale na Biblia zetu zimefuata ile ya Kiebrania.

Kamba inajibu na lile swali linalofuata, kwamba Kaini alimwogopa nani aliposema kila anionaye ataniua, na mji alimjengea nani. Onyesha fundo la Sethi. Mama yake anasema amepewa uzao mwingine mahali pa Habili, maana yake Habili aliuawa kabla ya hapo, sasa kabla tu au miaka mingi kabla haisemi, lakini kuna sentimita 130 za kamba ambazo watu wameishi na kuzaana na hatujaambiwa umri wa Kaini alipoua wala alipooa. Fanya nao hesabu ya mfano tu. Chukua jozi moja, mume na mke, wape watoto sita wanaokua, ni jozi tatu. Kila kizazi miaka 25. Zinakuwa 3, 9, 27, 81, na kwenye mwaka wa 125 ni jozi 243. Sisemi ndivyo ilivyokuwa, nasema ukisoma kwa hesabu hiyo sio ajabu Kaini kuogopa ndugu zake wenyewe, watoto na wajukuu wa nyumba ile ile aliyoimwagia damu. Na mji, usiwaze Mwanza hii na daladala zake, neno la Kiebrania lililotafsiriwa mji linaweza kuwa makazi madogo tu yaliyozungushiwa ukuta.

Hapa sasa ndo utapata lile swali gumu na utalipata tu, kwa hiyo kaka alioa dada? Watoto wa huku linawashtua kuliko watoto wa sehemu nyingine nadhani, mana kwetu hata mtoto wa baba mdogo ni kaka au dada yako, na kabla vijana hawajachumbiana wazee wanauliza kwanza ukoo, wakikuta mnagusana mambo yanaishia pale pale sebuleni. Usicheke, usiseme na wewe maswali gani hayo. Jibu kwa mpangilio.

Anza na kwamba Biblia yenyewe inaonyesha katazo lilikuja baadaye. Ibrahimu alimwoa Sara, na Mwanzo 20:12 anasema mwenyewe ni binti wa baba yake ila si wa mama yake. Amramu, baba yake Musa, alimwoa Yokebedi ambaye ni shangazi yake, iko Kutoka 6:20. Alafu nenda Walawi 18:9, pale imekatazwa wazi kabisa mtu na umbu lake, na umbu ndo dada, liandike ubaoni mana hawalijui. Yaani kilicholazimika wakati watu ni familia moja kilizuiwa watu walipokuwa wengi. Hii sio hoja yangu, Agostino askofu wa Hippo, huko Algeria ya leo, aliandika hivo hivo karne ya 5, kwamba mwanzoni ilikuwa lazima na baadaye ikawa ni chukizo, na akatoa sababu nzuri mno ambayo mzee yeyote wa Kisukuma angeitikia kwa kichwa, kwamba mtu akioa nje ya ndugu zake upendo unaunganisha watu wengi zaidi, mmoja anakuwa shemeji, mwingine mkwe, badala ya mtu mmoja kubeba undugu wote.

Kwa vijana wa sekondari ongeza vinasaba. Ukanda wetu wa Ziwa selimundu tunaijua, karibu kila mtaa kuna mtoto anayelazwa kila mara. Waeleze kwamba mtu anaweza kubeba kinasaba kimoja cha selimundu na asiumwe ugonjwa wenyewe, ila baba na mama wote wakiwa wanakibeba, kila mtoto wanayezaa ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mgonjwa. Kaka na dada wanashiriki karibu nusu ya vinasaba, kwa hiyo kasoro iliyojificha kwa mmoja ni rahisi sana kuwepo na kwa mwenzake. Ndo mana uzao wa ndugu wa karibu una hatari. Wahubiri wengine wanasema watu wa kwanza walikuwa hawajalimbikiza kasoro hizo, ni maelezo ya kiimani, unaweza kuyasema ila usiyaite sayansi.

Na sasa naomba usome hapa taratibu. Kabla hujafunga somo hili sema kwa sauti, leo haturuhusiwi, Mungu amekataza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuoa ndugu wa kuzaliwa, na ndugu kufanya mapenzi na ndugu ni kosa la jinai. Na kama kuna mtu nyumbani, kaka, mjomba, baba mdogo, yeyote, anakugusa au anakwambia hata kwenye Biblia ilikuwa hivyo, huyo anadanganya na sio kosa lako, njoo uniambie mimi au mwambie mtu mzima unayemwamini. Nasisitiza mana mtoto mmoja anaweza kuwa amekaa hapo kwenye jiwe amebeba jambo zito na swali lake la Kaini sio la Kaini. Ukishamaliza usikimbilie kuondoka, baki baki kidogo unakunja kamba taratibu. Mwenye la kusema atakusogelea.

Vijana wakubwa watakuletea na majibu mengine, wameyaona kwenye TikTok, usiogope, yajue. Kuna wanaosema walikuwepo watu wengine kabla ya Adamu na Kaini alioa kwao. Mwaka 1655 Mfaransa Isaac La Peyrère alitoa kitabu chenye hoja hiyo, akakamatwa na ikabidi ayakane maneno yake. Mimi hoja hiyo siipendi na sababu yangu nawaambia vijana waziwazi, kwenye karne ya 19 waliitumia wabaguzi kusema mtu mweusi sio mtoto wa Adamu. Matendo 17:26 inasema Mungu alifanya kila taifa la wanadamu kutoka katika mmoja, huo mstari mtoto wa Kiafrika aukariri. Wakatoliki nao Papa Pio XII mwaka 1950 aliandika kwamba waumini hawawezi kushika wazo la kuwepo watu wa kweli baada ya Adamu ambao hawakutoka kwake. Wapo pia Wakristo wanaosoma sura hizi kama masimulizi yenye lugha ya picha, wanakumbusha kwamba adamu kwa Kiebrania ni neno la kawaida la mwanadamu na linafanana na adama, udongo, na kwao swali la mke wa Kaini halihitaji jibu la ukoo. Kijana akiwa na msimamo huo usimfukuze, muulize tu anausoma vipi mstari wa 5:4, mzungumze.

Na darasani kwako, huku kwetu, hutakosa mtoto ambaye baba yake au bibi yake ni Muislamu. Atasema nyumbani wanasema Hawa alikuwa anazaa mapacha, wa kiume na wa kike, na wakawa wanaoana kwa kupishana, huyu anaoa pacha wa yule. Mwambie ni kweli, wafasiri wengi wa Kiislamu wamesimulia hivyo kuhusu Kabili na Habili, ingawa Kurani yenyewe kwenye Sura ya 5 inaeleza sadaka zao na mauaji bila kutaja majina wala mapacha. Mtoto huyo ataenda nyumbani na kichwa juu, na bibi yake atajua mwalimu anaheshimu watu.

Muda wa somo lote ni kama saa moja na robo na kamba, bila kamba dakika arobaini. Watoto chini ya miaka minane wape tu kwamba Adamu na Hawa walizaa wengi, wavulana na wasichana, na hao wakazaa wengine, basi, kadhia ya kaka na dada isubiri mpaka waulize wenyewe.

Kama unataka kuendelea na Nuhu wiki inayofuata basi usinunue mita kumi, chukua kumi na saba kabisa. Nuhu fundo lake ni mita 10 na sentimita 56, hakumkuta Adamu. Gharika ni mita 16 na 56. Alafu mpe mtoto mmoja fundo la Methusela, pale 6.87, mwambie apime mita 9 na 69 za maisha yake mpaka zinapoishia, umwache afike mwenyewe kwenye fundo la gharika.